Benchi la Mlangoni

Dhambi niliijua kwanza kama mahali pa kukaa. Katika kanisa letu la Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kulikuwa na benchi la miti ya mikaratusi kando ya mlango, na mtu aliyepatikana na kosa aliketi hapo mpaka wazee wa kanisa waseme ametubu vya kutosha. Sisi wengine tulikaa mbele, kwenye mikeka na vigoda tulivyobeba kutoka nyumbani. Wa mlangoni haimbi kwaya, hasogelei meza ya Bwana, na mvua ikija kwa upande ule, yeye ndiye wa kwanza kulowa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mama alisema watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza kwa nini. Basi benchi lile lilinivuta kuliko mahubiri. Nilikuwa nikigeuza shingo mpaka mama aniguse bega, na hata hapo nilingoja kidogo tu kisha nageuka tena. Nilimwona kijana aliyekamatwa amelewa waragi kule madukani Rwekubo. Nilimwona msichana wa kwaya ambaye tumbo lilitangulia harusi. Niliwachunguza nyuso nijue dhambi inakaa wapi, machoni au mdomoni, wala sikuiona. Walionekana tu kama watu wenye usingizi.

Mchungaji wetu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole aliyehubiri akiwa bado na nyuzi kwenye mikono ya shati. Jumapili moja alisema hakuna binadamu asiye na dhambi, kuanzia yeye aliyesimama mbele hadi mtoto mchanga aliye mgongoni kwa mama yake. Wengine waliguna kwa huzuni. Mimi nilifurahi, lazima niseme kweli. Kama ni hivyo, basi kila nyumba ya Rubondo ilikuwa na dhambi mahali fulani, na mwenye macho angeweza kuipata. Nilianza kwetu.

Zangu nilizijua tayari, hazikunivutia. Za mama hazikunichukua muda: alikuwa mkali asubuhi, na alikuwa na neno la kumsema jirani aliyependa kupenya mbele kwenye foleni ya bomba la maji. Iliyonishinda ilikuwa ya baba. Baba hakupiga mtu, hakunywa pombe, hakusengenya. Hata alipokasirika alitoka nje akatazama mawingu, akarudi yamekwisha.

Tulikuwa watu wa ng'ombe, kutoka milima ya juu ya Kivu Kusini. Vita viliwamaliza ng'ombe wetu wote, na baba alifika Kabazana, pale wageni wanapoandikishwa, akiwa bado ameshika fimbo yake ya kuchungia. Mama alimtania kwamba ametuchunga sisi mpaka Uganda. Tulipopewa kiwanja Rubondo alilima mahindi na maharage kama majirani, lakini alilima kama mtu aliyeazima viatu vya mwingine. Jioni aliweka jembe chini akatembea mpaka nje ya makazi, kwenye zizi la mzee mmoja Mnyankole, kutazama tu ng'ombe wa watu.

Mzee huyo alikuwa mfupi, mwenye kofia ya pama iliyochakaa, na mwepesi wa kununa. Kwanza alimwona baba kama mtu anayetafuta cha kuiba. Kisha siku moja ng'ombe wake akashindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya tumboni, na baba akavua shati bila kuombwa, akaingiza mkono, akamgeuza. Mzee hakusema asante. Majuma kadhaa baadaye alikuja kwetu akiswaga mtamba mwekundu, akamwambia baba huyu ni wako.

Kwao na kwetu desturi ni moja. Mtu akikupa ng'ombe amekufunga kwake. Ndama wa kwanza akizaliwa, aliyetoa anakuja kumwona, na ninyi wawili mnakunywa maziwa ya mama yake kutoka chombo kimoja. Tangu hapo nyumba zenu ni za ndugu. Kuyakataa maziwa hayo ni kumwambia mwenzako uso kwa uso kwamba hamjuani tena. Jambo hili hata mtoto alilijua.

Basi wakawa marafiki. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha askari na cha sokoni, cha baba kilikuwa chetu cha Kongo, na Mswahili wa pwani angewasikia angeshika kichwa. Lakini waliketi ukingoni mwa zizi wakazungumza mpaka ng'ombe wachoke kuwasikiliza. Baba alimsaidia kukamua, na kila jioni alirudi na maziwa. Alikunywa kikombe chake polepole, amefumba macho, na sisi tulijua kwamba wakati huo haulizwi kitu. Hata mimi nilinyamaza.

Sasa, kila mwezi wa kwanza wa mwaka kanisa lilifunga na kuomba. Zaidi ya kufunga chakula cha mchana, tulikuwa na desturi yetu: kila mkubwa alisimama akataja kitu kinachoushika moyo wake, akakiacha mpaka mfungo uishe. Mchungaji alisema huko ndiko kujikana na kuubeba msalaba. Mimi niliipenda siku hiyo kuliko Krismasi, kwa sababu watu walijitaja wenyewe bila kuulizwa. Mwanamume mmoja aliacha redio na mpira. Mama aliacha sukari ya chai. Bibi mmoja mnyenyekevu sana aliacha ugoro, na hapo ndipo kanisa zima lilipojua kwamba alikuwa anaunusa.

Mwaka ule baba alisimama akasema anaacha maziwa.

Waliokuwa wakulima walishangaa kidogo. Waliokuwa watu wa ng'ombe walishika vinywa. Mchungaji, ambaye naye alizaliwa milimani, alishuka akaja kumshika baba mikono yote miwili. Nilimtazama baba usoni na nikaona kitu kipya, wekundu fulani masikioni. Nilidhani ni haya.

Mfungo ulipoisha watu walirudia vitu vyao. Mama alitia sukari mpaka kijiko kikasimama. Bibi wa ugoro hakusema kitu, lakini alianza tena kupiga chafya. Baba peke yake alisimama mbele akasema yeye haachi kuacha. Maziwa hayatagusa tena mdomo wake hapa duniani. Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na masikio ya baba yakawa mekundu tena.

Tangu siku hiyo hakuwa baba yangu tu. Mchungaji alimtaja katika mahubiri. Wageni wa makanisa mengine walipofika Rubondo waliletwa nyumbani kumsalimu, wakamkuta amekaa mlangoni kwetu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni hata kwenye joto. Ilisemwa kwamba karibu atawekwa mzee wa kanisa. Alianza kukohoa kidogo kabla ya kusema. Alianza kuwauliza watu, kwa sauti ya upole, wao wameacha nini. Alimtazama mama akikoroga chai, na mama akakoroga kwa kelele zaidi.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Niliamini kwamba sasa dhambi ya baba iko karibu, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuacha kitu anachokipenda hivyo. Nilimfuata zizini. Nilimvizia akikamua, povu likimrukia kwenye vidole, nikangoja avilambe. Alivipangusa kwa majani. Nilijificha nyuma ya jiko nione kama atachovya kidole chomboni. Aliinama tu akanusa, akafunika. Nilimchunguza wiki baada ya wiki na sikumkuta na hata tone. Nilikata tamaa, nikaanza kufikiri kwamba mchungaji alikosea na kwamba baba yangu ndiye yule mmoja asiye na dhambi.

Ndipo mtamba wetu mwekundu akazaa. Mzee akaja.

Alikuja asubuhi amevaa koti, kofia imepanguswa. Mama alikuwa amekifukiza chombo cha mti kwa moshi wa majani tangu alfajiri, kikanukia. Mzee alimkagua ndama masikio, kwato, mkia, akamsifu kwa kilugha chake. Kisha wakaketi. Alikunywa yeye kwanza, akapangusa mdomo, akampa baba chombo kwa mikono miwili. Baba hakukipokea. Alikohoa kidogo, kisha akaeleza kwamba amemtolea Bwana maziwa yote, maisha yake yote.

Mzee alibaki amenyoosha mikono.

"Ile kufunga yako bado?" aliuliza. "Mimi nasali pia. Nasali tangu zamani. Yesu hapana kataza mimi maziwa."

Baba alisema kila mtu na msalaba wake. Alisema kwa upole ule ule wa kuwauliza watu wameacha nini. Nilimwona mzee akiutafakari upole huo na kuuelewa vibaya, au labda kuuelewa vizuri kuliko sisi. Alikiweka chombo chini, kwenye udongo, jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi. Akavaa kofia akaenda. Mama alikimbilia chombo. Baba aliinua mkono kama anayetaka kuita, kisha akaushusha.

Jumapili iliyofuata kisa kilikuwa tayari ushuhuda. Mchungaji alimwita baba mbele akawaambia watu: tazameni mtu aliyekataa hata mbele ya rafiki aliyempa ng'ombe. Makofi yalipigwa mpaka ndege wakaruka kwenye paa. Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia. Huyo ndiye aliyenifanya nigeuze shingo siku hiyo, si watu wa benchi.

Nyumbani alimwambia baba maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua macho.

"Baba ya batoto, maziwa umeiacha, mimi ni shahidi. Lakini ule mutu mwenye batu banapigia makofi, ule haujamuacha. Ule unamulisha kila siku."

Baba alitoka nje akatazama mawingu. Safari hii hakurudi upesi.

Alikwenda kwa mzee mara kadhaa baada ya hapo. Kila mara wachungaji wa ng'ombe walimwambia mzee hayupo, na kofia yake ilionekana imetundikwa pale pale ukutani. Zamani angerudi akicheka kituko kama hicho. Sasa alirudi bila kicheko. Hakuwa na rafiki mwingine Uganda nzima. Alikuwa na watu wa kumsifu, basi. Na siku ya kuwekwa mzee wa kanisa ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Ijumaa kabla ya siku hiyo, mwanamke mmoja anayeuza ndizi Rwekubo alituletea habari: mzee amepasuliwa tumbo, amelazwa hospitali Mbarara, na hali haiko sawa. Baba alisimama kabla mwanamke hajamaliza. Mama alijaza maziwa ya ng'ombe mwekundu kwenye kidumu kidogo bila kuulizwa, akakifunga kwa kitenge. Baba akasema mimi niende naye, kwa kuwa nilikuwa nasoma shule na ningemsomea vibao vya hospitali. Nilivaa viatu kabla hajabadilisha mawazo.

Mbarara ilinipa macho mengi kuliko nilivyoweza kutumia: sanamu ya ng'ombe wa pembe ndefu njiani, maghorofa, wanafunzi wamevaa makoti meupe. Baba hakutazama chochote. Alikumbatia kidumu kile kama mtoto mgonjwa. Hospitalini nilisoma vibao, nikauliza kila mtu aliyenitazama, na adhuhuri tukaipata wodi. Watu walikuwa wengi, ndugu wa wagonjwa wamekaa kwenye mikeka kati ya vitanda. Karibu na dirisha nilimwona mwanamke wa kwaya yetu, aliyekuja kumuuguza dada yake. Alimwona baba, akamwinamishia kichwa kwa heshima, kama watu wote walivyofanya wakati ule.

Mzee alikuwa amepungua mpaka kofia, iliyokuwa kando ya mto, ilionekana ya mtu mwingine. Alitufahamu, akageukia ukuta. Mkewe alisema chini chini kwamba hajapokea chakula, ingawa daktari ameruhusu vitu vya majimaji. Baba alifungua kidumu. Harufu ya chombo cha mama ilikuwa imeingia hata kwenye plastiki, na mzee akaisikia, kwa sababu bega lake lilicheza.

"Ni ya ule mwekundu?" aliuliza akiutazama ukuta.

"Ni yake, muzee."

Tulimwinua. Mkewe alimshikia kikombe akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Kisha akakichukua kikombe mwenyewe, akamnyooshea baba. Maziwa yalikuwa yakimwagika kidogo kwenye shuka, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba hataki kusaidiwa.

Mimi nilikuwa nimekaa miguuni mwa kitanda. Niliweza kumwona baba, na nyuma yake niliweza kumwona mwanamke wa kwaya ambaye ameacha kukunja nguo anatazama. Baba naye aligeuka akamwona. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kabla ya Jumapili Rubondo yote itakuwa na habari. Nikaona masikio yake yakianza kuwa mekundu, na ghafla nikaelewa ule wekundu ulikuwa nini tangu mwanzo. Nilikuwa nimeitafuta dhambi ya baba yangu chini ya povu la maziwa, kumbe ilikuwa ikikaa masikioni, mbele ya macho ya watu wote, ikipigiwa vigelegele. Sikufurahi kuipata. Nilitaka kumshika mkono.

Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alifumba macho akanywa, polepole, mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinywa nyumbani zamani. Alipokishusha masharubu yalikuwa meupe. Mzee alimtazama kwa muda, akacheka, na kicheko kikamuuma mshono, akashika tumbo akalaani na kucheka pamoja.

"Sasa nimeona wewe," alisema.

Jumapili wageni walikuwa wamefika na kiti cha baba kimewekwa mbele. Nadhani mwanamke wa kwaya alikuwa bado Mbarara. Hakuna aliyejua neno. Baba angeweza kunyamaza hadi jioni akawa mzee wa kanisa. Alisimama kabla ya wimbo wa kwanza. Safari hii hakukohoa.

"Nimekunywa maziwa," alisema. "Lakini hiyo si ile zambi nilikuja kusema. Kuacha maziwa haikukuwa ngumu kwangu, kwa sababu mulinipa kitu ingine ya kunywa. Sifa yenu ilikuwa tamu kupita maziwa. Niliinywa mpaka nikaweka rafiki yangu chini, mu udongo."

Hakuna aliyepiga makofi. Kulikuwa na minong'ono, kisha wazee wakatoka nje kushauriana, wakarudi wakasema nadhiri ni nadhiri. Mchungaji alionyesha mlango akiwa ametazama chini, nyuzi zikining'inia mikononi. Baba alishukuru, akapita katikati ya mikeka mpaka kwenye benchi la mikaratusi, akakaa. Tulipofika nyumbani mama alimmiminia kikombe cha maziwa.

Baba alikaa mlangoni msimu mzima wa mvua. Nilimtazama kila Jumapili, na safari hii mama hakunigusa bega. Hakuonekana kama mtu mwenye usingizi. Aliimba nyimbo zote, vibaya, kama kawaida yake, na wageni hawakuletwa tena kwetu. Shati lilifunguliwa kifungo cha juu. Alianza tena kucheka. Wakati mwingine nilijiuliza kama alikuwa amejikana zaidi siku alipoyaacha maziwa au siku alipoyanywa, na swali hilo bado ninalo, nikiwa mtu mzima ninayeishi Mbarara na kunywa chai bila maziwa kwa sababu tu tumbo langu halipendi.

Kisha Jumapili moja, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, kivuli kiliingia mlangoni. Alikuwa yule mzee wa zizi, anatembelea fimbo, amevaa koti lake na kofia iliyopanguswa. Hakuwa amewahi kufika kanisani kwetu. Mashemasi walimkimbilia na kiti cha wageni wa heshima, wakamwonyesha mbele. Yeye alizungusha macho mpaka akampata baba.

"Kwa nini wewe nakaa hapa mlango?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Mchungaji akanyamaza. Kanisa zima likageuza shingo, si mimi tu.

Baba alijibu taratibu kwamba hapa hukaa mwenye kosa. Ni kwa ajili ya maziwa yale ya hospitali.

Mzee aliwaza kidogo. Akakitazama kile kiti cha mbele, akalitazama benchi.

"Basi, hata mimi nilikunywa," akasema, akavua kofia. Baba akasogea, na yeye akakaa.